Chupa ya Mafuta na Kifua ya Papa Félicien

Miaka ile, kama ulipita ku Wagenia asubuhi, pale mayi ya muto inaanguka juu ya mawe, na ukasikia filimbi, usikimbie kuchukua mizigo yako. Haikuwa bateau, ile meli ya muto. Ilikuwa kifua ya Papa Félicien.

Batu bengine bako na kikohozi, bengine bako na mafua ya kupita. Félicien, yeye, alikuwa na kifua ya kufunga. Inamushika, inamukaza kama mutu anakamua nguo, na pumzi inatoka ndani na sauti nyembamba, ndefu: fiiiiii. Siku moja kapiteni wa bateau ya Léopoldville alisikia ile sauti tangu katikati ya muto, akazania mwenzake anamuita, akajibu na sirene yake. Akangoja. Hakuna kitu. Akajibu tena, na hasira kidogo. Kisha akachukua jumeli yake ya kuonea mbali, akatazama, akaona tu muvuvi moja amekaa mbele ya nyumba yake, ameshika magoti, na kuku tatu mbele yake zinamutazama kama bakristu mbele ya padiri. Batu ya kule banaapa mpaka leo.

Muke yake aliitwa Gertrude, lakini mutu wa kumuita Gertrude alikuwa padiri peke yake. Kwa bengine bote alikuwa Mama Claudine, juu ya mutoto wao wa kwanza. Mama munene, mikono nguvu, macho mekundu juu ya moshi ya kukausha samaki. Na ndani ya kinywa yake mulikuwa batu mingi. Umutajie mutu moja tu, anakutolea sauti yake pale pale: padiri na wimbo yake ya puani, polisi wa soko, mbuzi ya jirani, hata mayi ya Wagenia wakati inapanda. Na kuliko vyote, alijua kuiga kifua ya bwana yake. Jioni, wakati Félicien alikuwa muzima na tumbo imejaa lituma, ile ndizi ya kuponda, muke anajishika magoti, anafunga jicho moja, anavuta: fiiiiii.

"Acha, Mama Claudine," bwana anasema, machozi inamutoka. "Utaniua na kucheka."

"Hapana, Papa Claudine. Naita bateau tu. Labda itatuletea chumvi."

Lakini siku ambayo kifua ilikuwa ya kweli, hakuna mutu aliyecheka. Musimu moja, mbele hawajajua mambo ya dispensaire, ilimukaza vibaya sana mpaka midomo yake ikageuka rangi ya majivu. Padiri akaitwa, akaja na mafuta yake takatifu. Gertrude alimutazama padiri anainama kwa kuingia mulangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na hamu ya kumuiga. Félicien hakufa siku ile. Pumzi ilirudi kidogo kidogo, kama mutu aliyekuwa safarini. Lakini Gertrude alibaki na ile rangi ya majivu ndani ya kichwa, na haikutoka tena.

Nyuma ya pale ndipo walienda mujini, ku dispensaire. Munganga alikuwa Muzungu moja mufupi, ndevu nyekundu, Kiswahili ya kuvunjika-vunjika. Akaweka kale kampira kake juu ya mugongo ya Félicien, akasikiliza, akasikiliza tena, akafunga macho. Akasema tangu aliacha kwao hajasikia muziki ya namna hii. Kisha akaandika. Ikawa dawa ya mayi, rangi ya chai ya jana, chungu ya kukunja uso: kijiko moja asubuhi, kijiko moja mangaribi. Félicien akaikunywa, kifua ikafunguka, akarudi juu ya miti.

Na juu ya miti si mahali pa mutu wa pumzi nusu. Pale ku Wagenia banaume banasimamisha miti kubwa katikati ya mayi yenye hasira, banafunga na kamba ya pori, na chini yake banatundika bitunga kubwa kama nyumba ndogo. Samaki anakuja na mayi, anaingia ndani, kutoka hapana. Mutu anayepanda kule anahitaji mikono yake mbili, miguu yake mbili, na pumzi yake yote. Mayi ile haikungoji ukohoe.

Basi dawa ikiisha, unarudisha chupa. Hiyo ndiyo sheria ya dispensaire. Chupa wakati ule ilikuwa kitu ya kutafuta. Hakuna chupa, hakuna dawa. Juu ya tumbo ya chupa infirmier, musaidizi wa munganga, alibandika kikaratasi, na juu ya kikaratasi mulikuwa jina ya dawa na namna ya kuichanganya. Chupa inarudi tupu, infirmier anasoma kikaratasi, anajaza tena, na munganga hana haja hata ya kukuona. Unasimama mbele ya kidirisha, unatoa chupa, unapata chupa, unarudi kwako. Mambo rahisi sana, kama mutu amekueleza.

Lakini Gertrude, nani alimueleza? Kazi ile ilikuwa ya mutoto yake Claudine, tangu mwanzo. Sasa Claudine ameolewa na kijana moja ya Yanonge, amepanda pirogue, mutumbwi ya muto, na sufuria zake na bibi muzee wa kwa bwana yake, ameenda. Siku ya kuondoka aliacha maneno mingi: baba asikae ku moshi, kuku ifungiwe mbele ya mvua, ile liputa ya kitenge ya maua ni yangu, musimupe mutu. Juu ya chupa alisema tu: "Ikiisha, mama, uirudishe ku dispensaire." Basi.

Ikaisha siku ya ijumaa, mangaribi. Félicien alisimamisha chupa juu ya ulimi, akaipigapiga chini kama ngoma, akapata tone ya mwisho.

"Kesho," akasema.

"Kesho asubuhi," Gertrude akajibu. "Kuku ikiwika, itanikuta njiani."

Sasa unapaswa kujua namna Gertrude alilelewa. Kwao, jirani akikuletea sombe ya majani ya muhogo ndani ya sahani, ile sahani hairudi kwake tupu. Unaweka kitu: samaki moja, ndizi makemba mbili, hata chumvi kidogo ndani ya jani. Ukirudisha chombo ya mutu tupu, ni kama umemuambia, nimemaliza na wewe. Ukirudisha chafu, afazali uhame. Mama ya Gertrude alifuata mutu na pirogue mpaka Isangi kwa kumurudishia bakuli yake na yai moja ndani. Na safari ilikuwa ndefu, alors, yai ikaanguliwa njiani, mwenye bakuli akapokea bakuli na kifaranga juu, inamulalamikia. Huyo ndiye alimulea Gertrude.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ya posho, ile jumamosi, Gertrude akashika chupa, akaitazama kwenye mwanga, akasikia haya mpaka ku vidole ya miguu. Ile kikaratasi! Imekuwa rangi ya udongo, pembe moja imejikunja, alama ya vidole ya Félicien ya samaki iko pale yote.

"Claudine alikuwa akirudisha chupa ya batu namna hii?" akasema peke yake. "Mbele ya macho ya mujini?"

Akaiweka ndani ya mayi. Akaisugua na majivu, akaisugua na muchanga ya muto. Kikaratasi ikalegea, ikatoka vipande-vipande, ikaenda na muto. Kama kuna mutu aliyeisoma siku ile, alikuwa samaki. Chupa ikang'aa. Ungeweza kuchana nywele mbele yake. Kisha Gertrude akachukua mafuta ya mawese, mupya, ya nyekundu ile ya kufurahisha roho, akajaza chupa mpaka shingoni, akaifunga na kizibo yake.

Félicien alikuwa akimutazama tangu ku kiti yake.

"Mafuta ni ya nini?"

"Ya batu ya dispensaire. Ulitaka niirudishe tupu, kama mutu asiye na mama?"

Félicien akafikiri. Yeye pia alikuwa mutoto wa Wagenia, hakuona kosa. "Kaza vizuri kizibo," akasema, "usichafue liputa." Na mwisho wa lile neno kulitoka kitu ndogo, nyembamba kama uzi: fii.

Bote wawili baliisikia. Gertrude akafunga liputa yake haraka, akaondoka.

Ku dispensaire batu balikuwa mingi, juu ya siku ya posho kidirisha inafungwa saa sita. Gertrude akakaa ku benchi karibu na mama moja mwembamba wa kitambaa nyeupe kichwani, jina yake Mwanahamisi, muuzaji wa muchele, aliyekuja kutafuta dawa ya macho ya mama yake. Mwanahamisi alikuwa na chupa ndogo, tupu, chafu kidogo. Gertrude aliiona, akageuza uso kwa heshima, kama mutu ameona nguo ya ndani ya jirani.

Zamu yake ikafika. Nyuma ya kidirisha kulikuwa infirmier René, mwanaume wa makamo, shati nyeupe ya kupigwa pasi sana, kalamu nyuma ya sikio.

"Bonjour, papa infirmier. Chupa ya Félicien, wa Wagenia."

René akaipokea bila kutazama, kisha akaitazama. Akaiinua kwenye mwanga. Jua ikapita ndani ya mafuta, uso yake yote ikawa nyekundu.

"Mama. Mugonjwa yako anakunywa nini?"

"Dawa."

"Hii si dawa."

"Hapana. Hii ni yako."

"Yangu?"

"Yako na madame ku nyumba. Ilikamuliwa juzi. Aiweke ndani ya sombe, mutanikumbuka."

Benchi yote ikaanguka na kicheko. Muzee moja aliyekuja na mukono ya kuvunjika akasahau, akapiga makofi, akalia. Mwanahamisi akapaza sauti: "Papa René, ukiikataa, mimi niko hapa!"

René naye akacheka, alikuwa mutu muzuri. Akacheka na huku anageuza chupa, anatafuta. Akaigeuza tena. Akatazama ku matako ya chupa. Kicheko yake ikapungua, ikaisha.

"Mama, kikaratasi iko wapi?"

"Ile ya uchafu? Niliitoa," Gertrude akasema, na alikuwa anajivuna. "Niliisugua mwenyewe."

René akaweka chupa chini pole pole.

"Bon. Mama, unisikilize. Ile kikaratasi ndiyo iliniambia dawa. Bila ile, mimi sijui niweke nini."

"Unajua! Ni ile ya mayi. Chungu. Rangi ya chai ya jana."

René akafungua kabati nyuma yake. Ndani mulikuwa chupa kubwa-kubwa zimesimama kama batu ku misa, na yote, lakini yote, ilikuwa rangi ya chai ya jana.

"Hii ni ya tumbo," akasema. "Hii ni ya kikohozi ya bana. Hii mutu akikunywa kijiko moja analala, tunamuamusha ku Pasaka. Sasa uchague, mama."

Gertrude hakuchagua. "Uulize munganga," akasema. "Munganga anamujua Félicien. Alimusikiliza yeye mwenyewe."

"Munganga iko ku port. Anapanda bateau ya Yangambi, na mafishi yake, karatasi ya bagonjwa, yote iko ndani ya sanduku yake. Atarudi juma ingine, mwisho."

Juma ingine, mwisho. Nyuma yake batu balikuwa wangali banacheka juu ya mafuta, na Gertrude hakubasikia tena. Alisikia tu kile kitu nyembamba kama uzi, fii, cha asubuhi. Akaona midomo, rangi ya majivu. Akaona padiri anainama mulangoni. Na ni yeye aliyefuta ile kikaratasi, na mikono yake, na muchanga muzuri ya muto.

"Papa René," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "bwana yangu hana pumzi ya juma nzima."

René akamutazama. Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akairudisha tena, akatazama saa ya ukuta.

"Bateau haijapiga sirene. Kimbia, mama. Akuandikie karatasi mupya, uniletee."

"Na saa sita?"

"Saa sita nitafunga mulango. Kidirisha sitafunga."

Mwanahamisi alikuwa tayari amesimama. "Kimbia, yaya, dada yangu! Mimi nitachunga mafuta yako."

Na Gertrude akakimbia. Mutu ambaye hakuona mama munene wa Wagenia anakimbia kushuka port, huyo hajaona kitu. Kandambili moja ilibaki ku kona ya posta, ingine ilibaki mbele ya duka ya Mugiriki. Mbuzi bakamutangulia, kuku bakapanda ku dari, baiskeli moja ikajiegemeza yenyewe ku ukuta kwa kumupisha. Na katikati ya njia, sirene ikalia: ya kwanza.

Ku port ilikuwa fujo ya siku zote: magunia, mafungu ya makemba, mbuzi za kufungwa miguu, batu banaagana kama hawataonana tena. Mbele ya ubao ya kupandia bateau alisimama polisi, mukono yake wazi.

"Tiketi, mama."

"Sisafiri. Namutaka munganga."

"Munganga iko juu na Bazungu benzake. Wewe, juu, hapana."

Gertrude akainua macho. Kweli, kule juu, ndani ya kivuli, ndevu nyekundu ilikuwa imekaa, imefungua gazeti. Akaita: "Munganga! Munganga eee!" Lakini mashine ya bateau ilikuwa inanguruma, mbuzi inalia, na kukimbia kumemumaliza sauti. Akakusanya ile iliyobaki:

"Félicien! Munganga, Félicieeen!"

Banaume tatu bakageuka ndani ya fujo. "Niko hapa," moja akasema. "Nani ananiita?" wa pili akauliza. Wa tatu, aliyekuwa na deni mahali, akajificha nyuma ya magunia. Kule juu munganga alishusha gazeti kidogo, akatazama chini, hakuona mutu anayemujua, akainua gazeti tena.

Mabaharia balianza kufungua kamba.

Gertrude hakuwa na jina ingine. Hakuwa na kikaratasi. Hakuwa na viatu. Alikuwa na kitu moja tu ya Félicien aliyotembea nayo siku zote. Akajishika magoti. Akafunga jicho moja. Akavuta.

Fiiiiiiiiiii.

Mara nyingine, nyumbani, ilikuwa muchezo. Siku ile aliweka ndani woga yake yote ya asubuhi, na majivu, na padiri, na muchanga ya muto. Sauti ikatoka nyembamba, ndefu, ikapita katikati ya batu kama sindano. Mbuzi zikanyamaza. Mubeba mizigo moja akaangusha gunia juu ya muguu yake na akasahau kulia. Polisi akarudi nyuma hatua, akasema, "Mama, uko mugonjwa?" Na ndani ya chumba yake ya vioo kapiteni akainua kichwa, akazania bateau ingine inaomba njia, akavuta kamba, akajibu: Vuuuuuuu!

Munganga alikuwa amesimama. Gazeti ilikuwa imeanguka ndani ya muto. Aliweka mukono nyuma ya sikio.

"Tena!" akalia.

Gertrude akavuta tena.

"Ah, non! Ile ya Wagenia! Muziki yangu!" Akashuka ngazi mbio, akapita polisi, akafika pale chini, na uso yake haikuwa ya kucheka tena. "Wewe mugonjwa pia, mama?"

"Hapana, munganga. Kifua ni ya bwana yangu. Nimekuletea kifua tu, mwenyewe iko nyumbani."

"Leo analia namna hii?"

"Leo asubuhi analia namna hii," na akafanya ile ndogo, ya uzi. "Lakini akikosa dawa, anafika kwa ile kubwa. Na kisha anakosa hata kulia."

Munganga akaelewa. Akaweka mukono ndani ya mufuko, akatoa karatasi, akaiweka juu ya mugongo ya polisi, ambaye alishangaa sana kuwa meza, akaandika. Kisha akauliza: "Kwa nini René hakusoma juu ya chupa?"

Gertrude akatazama miguu yake bila viatu. "Niliiosha."

"Uliosha?"

"Vizuri sana, munganga."

Sirene ya pili ikalia. Munganga alirudi juu anatikisa kichwa, na mpaka bateau ilipoachana na port, batu balimuona peke yake kule juu, anacheka ndani ya ndevu, anajaribu filimbi na kinywa yake, na haiwezi.

Gertrude alipanda mujini na ile karatasi ameishika mbele yake na vidole mbili-mbili, mbali na jasho yake, mbali na upepo, kama mutu amebeba kaa ya moto. Mulango ya dispensaire ilikuwa imefungwa. Kidirisha ilikuwa wazi. Mwanahamisi alikuwa amekaa peke yake ku benchi, dawa yake ya macho mukononi.

"Umeipata?" Akaona karatasi. "Ewe yaya, usiioshe hiyo!"

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Gertrude akacheka. Kicheko ilimushika na miguu, ikabidi akae chini.

René alikuwa amekwisha kuchemsha chupa. Ilisimama kichwa chini juu ya kitambaa, imekauka, hakuna hata harufu.

"Na mafuta?" Gertrude akauliza.

"Ndani ya gamelle yangu ya chakula."

"Nilikaa kwa kuyachunga," Mwanahamisi akasema, "na nilifanya vizuri kukaa. Huyu papa amechovya kidole mara mingi."

"Nilikuwa napima," René akasema, na kidevu yake ilikuwa nyekundu ya mafuta.

Akasoma karatasi ya munganga, akaenda ku kabati moja kwa moja, akachukua chupa ambayo Gertrude asingechagua hata kwa kuota. Akapima, akachanganya, akatikisa. Kisha akabandika kikaratasi mupya, akaikandamiza na kidole gumba kutoka pembe mpaka pembe.

"Hii, mama, usiiguse. Ikiwa na uchafu ya Papa Félicien, ya samaki, ya kuku: uilete na uchafu yake."

"Nitailetaje na uchafu?"

"Uilete."

"Na tupu?"

"Na tupu."

"Tupu kabisa? Hata karanga moja ndani?"

"Tupu kabisa, mama."

Ilimuuma kweli. Alisimama pale, anafikiri juu ya mama yake na kifaranga ya Isangi. Kisha uso yake ikafunguka.

"Basi nitakuja na chupa mbili," akasema.

Sauti ya Félicien aliisikia kabla ya kuona nyumba. Haikuwa uzi tena. Batu balikuwa bamesimama mulangoni, na jirani moja alikuwa amevaa viatu, na ku Wagenia mutu havai viatu katikati ya siku bure. Anavaa kwa kwenda kumuita padiri.

"Vua viatu yako!" Gertrude akamupigia kelele tangu barabarani. Alikuwa anang'oa kizibo na meno huku anatembea.

Félicien alikuwa ku kiti yake, mikono juu ya magoti, macho kubwa. Hakuweza kusema. Alifungua kinywa tu, kama mutoto wa ndege, na Gertrude akaweka kijiko. Kisha akamutazama midomo. Ilikuwa na weupe kidogo pembeni. Majivu ilikuwa njiani, lakini haijafika.

Bakangoja. Filimbi ilikuwa ya bateau kubwa. Kisha ikawa ya bateau ndogo, ile ya kubeba barua. Ikawa ya birika. Ikawa ya mbu. Gertrude akaweka sikio juu ya mugongo ya bwana yake, akasikiliza mpaka alisikia tu mayi ya Wagenia inaanguka kule chini, kama siku zote.

Ndipo miguu yake ikakumbuka kwamba ilikimbia.

"Ulikawia," Félicien akasema.

"Nilitembeza kifua yako ku port."

"Kifua yangu?"

"Munganga hakujua jina yako. Nikamuonyesha." Akajishika magoti, akafunga jicho moja, lakini hakuvuta, hakuwa na nguvu. "Kapiteni alijibu."

"Alijibu?"

"Na bateau yote. Vuuuuu."

Félicien akaanza kucheka. Gertrude akainua mukono kwa kumuzuia, kwa mazoea, juu ya kicheko yake siku zote iliishia kwa kukohoa. Lakini ile ya siku ile ikaenda, ikaenda, ikafika mwisho yake yenyewe, safi, bila filimbi ndani. Jirani akavua viatu.

Mwezi ulipoisha, Gertrude akarudi mbele ya kidirisha na chupa mbili. Moja ilikuwa tupu, na kikaratasi yake juu ya tumbo, chafu namna ambayo alikuwa ameifunika na pembe ya liputa njia yote ili batu basiione. Ingine ilikuwa ya mafuta. Na juu ya maneno inatembea, mama wa pili ku benchi alikuwa na karanga, muzee wa mukono ya kuvunjika alikuwa na makemba, na Mwanahamisi alikuwa na kibakuli ya muchele. Banasema madame ya René hakwenda soko tena mpaka mvua ilibadilika.

Siku ile munganga alikuwa pale. Alipita nyuma ya René, akaona Gertrude, akasimama, akaweka mukono nyuma ya sikio.

"Leo, mama, hukuniletea kifua?"

"Hapana, munganga," Gertrude akasema. "Leo mwenyewe ameenda nayo ku kazi."